Maziwa ya Jirani wa Chini

Baba alianza kunenepa wakati uleule niliokuwa nimemkatia mafuta. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Alikuwa amehamia kwangu baada ya mama kufariki na nyumba yetu ya Kariakoo kuvunjwa ili ijengwe ghorofa. Alikuja amekonda, shingo imebaki kamba tupu, meno ya nyuma yote yameshang'olewa. Kliniki wakampima, wakasema ana mambo mawili yasiyopatana: mwili unadai chakula cha kuujenga, na damu ina lehemu nyingi, yale mafuta yanayoziba mishipa. Kwa hiyo nikaondoa nazi jikoni. Nikawa namchemshia samaki wa soko la Feri kwa ndimu na chumvi kidogo, namponda maharage, namkamulia machungwa. Alikuwa anasogeza sahani kwa kidole kama mtu anayerudisha barua isiyo yake. Usiku anasema ameshiba. Nikimuuliza ameshiba nini, anasema Alhamdulillahi.

Halafu mashavu yakajaa. Kanzu yake nyeupe ya Ijumaa ikaanza kumbana kifuani. Mtu hali chakula changu, na ananenepa.

Nilianza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Kila siku, akishaswali adhuhuri, alikuwa anateremka ngazi akisema anakwenda kunyoosha miguu. Alikuwa anarudi karibu na alasiri, na miguu yenyewe haikuwa na vumbi. Vidole vyake vilikuwa laini, vinang'aa, na nilipompa simu aongee na shangazi, kioo cha simu kilibaki na alama za mafuta. Nikakinusa. Ilikuwa samli.

Mimi harufu hiyo siwezi kukosea. Nimekulia ndani yake. Baba aliuza samli Kariakoo muda mrefu, samli ya Singida na Dodoma iliyokuwa inakuja kwa madebe, na sisi watoto tulikwenda shule tukinuka samli mpaka wenzetu wakatupa jina. Wateja walimpendea pua yake. Alikuwa anafungua debe, anainamia mara moja, anajua kama kuna mtu amelichanganya na mafuta mengine njiani. Duka alishaliacha zamani. Sasa samli ilikuwa inatoka wapi?

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia mpaka kwenye baraza la duka langu la vyombo. Nikafunga mapema nikarudi nyumbani Kisutu. Nilikuwa napanda ngazi nikasikia mlango wa ghorofa ya kwanza unafunguka, na sauti ya mwanamke ikisema, "Kesho wakati uleule." Baba akajibu, "Inshallah," akatoka, anajifuta midomo kwa leso.

Aliponiona akasema alikuwa ameitwa kuangalia bomba la maji linavuja. Baba yangu hajawahi kushika spana maishani mwake.

Mlango ule ulikuwa wa mama mmoja wa Kihindu, mjane, aliyekuwa akiishi humo tangu kabla sisi hatujapanga. Mumewe aliuza vitambaa. Yeye alikuwa anatengeneza vyakula vya maziwa nyumbani, watu wanaagiza kwa ajili ya harusi na sikukuu, na migahawa ya wasiokula nyama ilikuwa inachukua kwake pia. Asubuhi pikipiki ilikuwa inamletea madumu ya maziwa. Tulikuwa tunasalimiana tu ngazini, shikamoo, marahaba mwanangu, basi. Juu ya mlango wake kulikuwa na maua ya manjano yaliyotungwa kwenye uzi, na sikuwahi kuvuka hapo.

Nilimweleza shangazi, dada yake baba. Akaniuliza kwenye simu kama baba siku hizi anajipaka manukato. Nikakumbuka kwamba alikuwa amenunua kofia mpya na kuzichonga ndevu. Shangazi akasema hapo hakuna la kuuliza tena, mwanamume akilishwa na mwanamke asiye wake kila siku, ndani ya kile chakula kuna kitu. Alimaanisha limbwata, dawa ya mapenzi. Nilimwambia mambo hayo mimi siyaamini. Jioni hiyo hiyo nilikiinamia kikombe cha baba nikakinusa, nikapitisha kidole ndani, nikakiosha mara ya pili.

Mwishowe nilimuuliza waziwazi anakula nini kule chini. Hakukasirika. Alikaa sawasawa kwenye kiti chake kama mtu aliyekuwa anangoja swali hilo, akasema anakula panir.

Nilikuwa naijua panir kwa kuiona tu. Ile jibini nyeupe laini, haina chumvi, unachemsha maziwa, unakamulia ndimu yanakatika, unachuja kwa kitambaa na kukandamizia kitu kizito. Baba akanifundisha kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema panir haihitaji meno. Akasema maziwa mabichi yanamjaza gesi tumboni, ninajua mwenyewe, lakini panir inakaa vizuri kwa sababu sehemu kubwa ya ile sukari ya maziwa imeondoka na yale maji. Maji yenyewe hayamwagwi, yanakandia chapati. Akasema jirani anampa na chaas, mtindi uliopigwa na maji mpaka ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa, umetiwa chumvi na bizari nyembamba, na kwamba chaas haina mafuta ya kutisha mtu kwa sababu siagi imeshatolewa. Mtindi mzito, ule wanaouita dahi, anakula siku moja moja. Mawa hagusi. Mawa ni maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka, ya kutengenezea vitamutamu vya harusi, na yeye sukari haimfai.

Nilimsikiliza, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kutilia shaka. Haya hayakuwa maneno yake. Mtu aliyekaa na mke wake miaka yote bila kujua chumvi inakaa wapi jikoni, leo ananieleza sukari ya maziwa. Halafu alikuwa ameruka kitu kimoja.

"Na samli?" nikamuuliza.

"Samli naionja tu."

"Kila siku?"

Akaniambia adhana inakaribia.

Siku ya kliniki iliyofuata nilimvuta pembeni muuguzi wa lishe nikamrudishia maelezo yote, moja moja, kama mtu anayekagua bidhaa. Nilitaka nimkamate yule mama kwenye uongo. Muuguzi akasema mengi ni kweli. Panir ina protini nyingi na inasaidia mifupa, kwa mzee asiye na meno ni chakula kizuri, ila mafuta ya maziwa yamebaki humo, isigeuzwe kuwa ya kila saa. Chaas ni nyepesi, aangalie chumvi kwa ajili ya presha. Mtindi hauna neno. Samli ndiyo ya kutazama. Samli ni mafuta matupu, ukishaichuja hakuna protini iliyobaki ndani yake. Ni nzuri kwa kukaa muda mrefu bila friji, nzuri kwa ladha, kijiko kidogo kwenye dengu kinatosha, lakini si chakula cha kumnenepesha mtu mwenye lehemu.

"Anakula kiasi gani?" akaniuliza.

Sikujua, na kutojua huko kulinikera kuliko lehemu. Muuguzi akampangia kipimo kipya, aje asubuhi hajala kitu.

Asubuhi ya kipimo baba alikuwa hana raha. Mara mbili alitaka kuteremka kumwambia jirani kwamba leo hatafika, nami nikamwambia tumechelewa, twende. Sikutaka aagane naye. Tulipofika kliniki foleni ilikuwa imezunguka jengo. Mdogo wangu wa kiume akaja kukaa naye, na mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikarudi Kisutu peke yangu. Njiani nilikuwa nimeshayapanga maneno: kwamba baba ni mgonjwa, kwamba ana watoto wake wanaomtunza, na kama kuna nia nyingine, basi isemwe mbele ya watu.

Ngazini nikakutana na harufu ya gesi. Nilidhani inatoka kwa wale wa mgahawa wa nyuma. Nikabisha hodi, yule mama akafungua mwenyewe, amevaa sari ya pamba ya nyumbani, amejifunga taulo kiunoni. Akatazama nyuma yangu.

"Karibu mwanangu. Mzee yuko wapi leo?"

Nilikasirika. Lakini nilipoingia hatua moja, hasira yenyewe ilikosa pa kukaa, maana harufu ya gesi ilinipiga usoni mpaka macho yakaniwasha. Yeye alikuwa ameshageuka anarudi jikoni kwa utulivu wake, ananiambia nikae, maziwa yamefurika yakazima jiko, anawasha sasa hivi. Mkononi alikuwa na kiberiti.

Nilimrukia. Sina neno jingine. Nilimshika kifundo cha mkono, njiti zikamwagika sakafuni, nikafunga jiko na mtungi, nikasukuma madirisha, nikamkokota mpaka kwenye ukumbi wa ngazi. Alikuwa anaita jina la Mungu wake, na nilivyomtazama niliona kwamba ananiogopa mimi. Alidhani nimekuja kumpiga.

"Mama, husikii harufu?" nikamuuliza.

"Harufu ya nini?"

"Gesi. Nyumba nzima gesi."

Aliinua uso akavuta pumzi kwa nguvu, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Kisha akakaa kwenye ngazi akajifunika uso kwa ncha ya sari.

Akanieleza pale pale. Ile homa iliyopita mjini na kuwalaza watu ilimpata na yeye, ikaondoka, ikaondoka na harufu zote. Chumvi anaijua, uchachu anaujua, utamu anaujua. Harufu hakuna. Alingoja irudi, haikurudi. Na kazi yake yote inakwenda kwa pua. Samli unaipika mpaka yale machicha ya maziwa chini yawe rangi ya karanga, na kuna dakika moja harufu inageuka, ukiipita, imeungua. Maziwa yanayotaka kuharibika yanasema kwa harufu kabla hayajasema kwa ladha. Kuna familia ilimrudishia samli ya harusi ikiwa imeungua, nyeusi chini, na yeye alikuwa ameifunga vizuri na utepe. Hakumwambia mtu. Mwanawe anaishi Upanga, kila Jumapili anamwomba ahamie kwake aache majiko, na angelijua hili asingeomba tena, angeleta gari.

Baba ndiye aliyegundua. Alikuwa anapita ngazini akasimama nje ya mlango wake akasema kwa sauti, jirani, samli inaungua. Kesho yake akapita akasema, leo bado, ingoje. Siku ya tatu yule mama akamkaribisha ndani. Tangu hapo baba alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha la jikoni, yeye anakoroga, baba ananusa. Akimaliza anampa chakula, kwa sababu, alisema, alimwona mzee anakonda na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Ningetulia hapo, lakini nilikuwa nimeishi na shaka muda mrefu mno, haikunitoka kwa mara moja. Nikamuuliza yule mama, baba huwa anaonja samli kiasi gani.

"Kijiko," akasema. Kisha akaongeza, "Cha pili anajichotea nikigeuka."

Nikamuuliza na lile jingine. Nililizungusha, nikataja kofia mpya, nikataja watu wanavyosema. Aliniacha nihangaike mpaka mwisho, kisha akafuta macho.

"Mwanangu, mimi nilikaa na mume wangu mpaka Mungu akamchukua. Nikitaka mwingine, nitatafuta mwenye meno."

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono akaniomba nisimwambie mwanawe. Nikamjibu kwamba samli iungue, maziwa yaharibike, hayo ni yake na wateja wake, lakini gesi ni ya jengo zima. Amwambie yeye au nitamwambia mimi.

Baba aliporudi na kusikia yaliyotokea, alikaa kitini muda mrefu hajavua hata viatu. Aliniambia alitaka kuteremka asubuhi ile kumkataza asiwashe jiko bila yeye. Kisha akasema ningemuuliza, angenieleza.

"Nilikuuliza, baba."

"Uliniuliza ninakula nini. Hukuniuliza ninafanya nini."

Nilikwenda kumtengea chai.

Mwana wa jirani alikuja siku ile ile mama yake alipomwambia, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, mfanyabiashara wa vipuri. Alichukua mtungi wa gesi mwenyewe akauteremsha ngazi. Nilitegemea atanishukuru. Alinisimamisha ukumbini akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu yote, "Dada, mzee wako anataka nini kwa mama?"

Nilimtazama. Ulikuwa wasiwasi wangu mwenyewe, umevaa shati lililopigwa pasi. Nikamwambia anataka panir. Nilivyoona hakuniamini, nikamweleza habari ya duka la samli Kariakoo, na pua, na mama yangu aliyefariki. Alisikiliza akitikisa kichwa. Akasema sawa, lakini macho yake yalibaki kwenye mlango ambao baba alikuwa nyuma yake.

Hakumhamisha mama yake. Alijaribu, na yule mama akamwambia kwamba Upanga hakuna pua. Mwana akamletea jiko la umeme linalojizima lenyewe. Akafunga na kamera, ndogo, nyeupe, juu ya kabati la jikoni, inayoonekana kwenye simu yake dukani. Alisema ni kwa ajili ya usalama. Baba alielewa usalama wa nani. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti chake mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti.

Majibu ya kipimo yalitoka. Lehemu haikuwa imeshuka kama nilivyotaka, wala haikupanda kama nilivyohofia. Uzito ulikuwa umefika pazuri. Muuguzi akasema panir na mtindi viendelee kwa kipimo, dengu zisiachwe, samli iwe ya kunusa zaidi kuliko ya kumeza. Nilimrudia baba maneno hayo mbele ya jirani ili wote wawili wasikie, na wote wawili wakaitikia haraka mno.

Siku chache baadaye nilikuwa dukani nampimia mteja sufuria, simu ikalia. Ilikuwa ujumbe kutoka kwa mwana wa jirani. Aliandika, "Dada, mzee leo vijiko vitatu." Nikamjibu asante. Kuanzia hapo tukawa tunaandikiana hivyo, mimi namuuliza, yeye ananiripoti, na akiwa na wateja wengi anasahau, nami nabaki na wasiwasi wangu mpaka jioni. Shangazi nilimweleza kila kitu. Alisema bado tusimalize maneno. Ramadhani ilipofika akaniomba nimletee ule mtindi mzito wa kufuturia, akasema ni kwa ajili ya wajukuu.

Halafu kuna alasiri moja mwana wa jirani alinipigia badala ya kuandika. Kamera haionyeshi kitu, alisema, kweupe tu, na mama hapokei simu. Nilifunga duka nusu, nikapanda bodaboda mpaka Kisutu, nikapanda ngazi mbili mbili. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Hapakuwa na harufu mbaya. Nikaingia.

Walikuwa wamekaa mezani, kila mmoja na sahani yake, chapati zilizokandwa kwa maji ya panir katikati, zinatoa mvuke, zimepakwa samli mpaka zinameremeta. Juu ya kabati, kamera ilikuwa imefunikwa na kile kitambaa cheupe cha kuchujia. Baba aliacha kutafuna.

"Mvuke wa maziwa ulikuwa unaiharibu," akasema jirani. "Nimeikinga."

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama chapati.

Simu yangu ikaanza kulia, mwana wa jirani. Jirani akanivutia kiti, akachukua chapati moja akaiweka kwenye sahani, akanisogezea. Ilikuwa laini, na ule uchachu kidogo wa ndimu uliobaki kwenye maji ulikuwa unakuja mwishoni. Nilimaliza ya kwanza kabla sijapokea simu. Nikamwambia mwanawe kwamba wote wazima, ni mvuke tu. Akaniuliza mbona nazungumza na kitu mdomoni.